Kupanga na Kutunza Kiwanja cha Chuo

Mwalimu wetu wa Jiografia amenipa nafasi katika toleo hili niandike juu ya jambo ambalo wengi wetu hulipita kila siku bila kulitazama, nalo ni namna kiwanja cha chuo kinavyopangwa, na namna majengo yake ya zamani na miti yake inavyotunzwa. Sababu ya kuchagua habari hii naisema wazi. Muhula ujao Bodi ya shule yetu itakaa kuamua mahali pa kujenga bweni jipya, na mahali panapotajwa sana ni pale penye madarasa manne ya zamani pamoja na kichaka cha migunga kilicho nyuma yake. Bweni twalihitaji kweli. Tangu ada ilipoondolewa mwaka 2016 wanafunzi wameongezeka, na katika chumba chetu vitanda vimekaribiana hata mtu hupita ubavu. Lakini kabla nyundo haijapiga ukuta yafaa tujue wenzetu wenye vyuo vikubwa wamepata mafunzo gani, maana wao wametangulia kubanwa na shida hii hii.

Nianze na Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kilianza na somo la sheria peke yake, tena bila kiwanja chake. Wanafunzi wachache wa kwanza walisomea katika jengo la TANU, mtaa ambao leo waitwa Lumumba. Mwaka 1964 chuo kikahamia juu ya kilima, kama kilometa 13 kutoka katikati ya mji, mahali ambapo Waingereza walipaita Observation Hill. Hapo palikuwa na eneo la zaidi ya ekari 1,600. Waliochora majengo ya mwanzo ni Norman and Dawbarn, wasanifu wa London, ambao kabla ya hapo walikuwa wamechora chuo cha namna hiyo huko Mona, Jamaica, nchi nyingine ya joto.

Nilipata bahati ya kutembea pale likizo iliyopita pamoja na mjomba wangu. Kitu cha kwanza nilichokiona ni ngazi. Mtu hupanda na kushuka kutwa, kwa sababu waliopanga hawakukata kilima kiwe sawa kama meza. Kitu cha pili ni nafasi: kati ya jengo na jengo pana miti na majani, na upepo hupita. Mjomba alisema ya kuwa nafasi hiyo ni ardhi iliyolala bure. Mimi sikubaliani naye. Nafasi ile ndiyo iliyowawezesha waliokuja baadaye kuongeza majengo bila kuvunja ya kwanza. Mabweni mapya 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840 yalifunguliwa mwaka 2017, na maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye uwezo wa kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, ilifunguliwa Novemba 2018. Na Ukumbi wa Nkrumah ukabaki umesimama mahali pake. Ukumbi huo wengi wenu mmeuona hata kama hamjafika Dar es Salaam, maana ulichorwa nyuma ya noti ya shilingi 500 ya toleo la mwaka 2010, kabla sarafu haijatolewa mwaka 2014.

Hata hivyo ardhi ya chuo haikosi kutamaniwa. Sehemu ya ardhi ya Mlimani ilikodishwa, na juu yake likajengwa duka kubwa la Mlimani City lililofunguliwa mwaka 2006. Wako wasemao chuo kilipata fedha, wako wasemao chuo kilitoa ardhi ambayo hakitaipata tena kwa miaka mingi. Pande zote mbili zina maneno. Ninalotaka msomaji alione ni kwamba uamuzi wa namna hiyo ukishafanywa hudumu kuliko wale walioufanya, na ndiyo maana vyuo huwa na mpango kabambe, yaani ramani moja kubwa inayoonyesha mahali pa kusomea, pa kulala, pa kuchezea, njia za miguu na za magari, mifereji ya maji, na mahali ambapo hapatajengwa kitu kamwe. Mpango huo ukikosekana, kila mkuu mpya huweka jengo lake pale jicho lake linapoangukia.

Sasa tuje kwenye nyufa, jambo ambalo kila mwanafunzi wa Fizikia aweza kulifuata. Desemba 2017 picha za mabweni mapya ya Mlimani zilienea zikionyesha mipasuko kutani, na watu wengi wakashtuka. Wajenzi wakaeleza ya kuwa ile ni nafasi ya kutanukia, iliyoachwa makusudi. Nafasi ya kutanukia ni kitu gani? Zege hutanuka likipata joto, kama vile chuma. Kila mita moja ya zege huongezeka karibu sehemu moja katika laki moja kwa kila nyuzi moja ya joto. Chukua jengo la urefu wa mita 60, yaani milimita 60,000. Tuseme kati ya alfajiri ya baridi na saa nane ya mchana paa la zege limepata joto zaidi kwa nyuzi 20. Zidisha 60,000 kwa 0.00001, kisha kwa 20: jibu ni milimita 12, karibu unene wa kidole cha mwisho. Kama hukuacha nafasi, jengo litajitafutia lenyewe, na litapasuka mahali usipopapenda.

Basi fundi hujifunza kusoma ufa kama daktari asomavyo ulimi. Mpasuko ulionyooka wima kutoka chini mpaka juu, wenye upana ule ule, mara nyingi ni nafasi iliyoachwa kwa makusudi. Ufa unaoshuka kwa vidato kufuata viungo vya matofali, kama ngazi, waonyesha kwamba msingi umeshuka upande mmoja. Ufa mpana juu na mwembamba chini wasema pembe ya nyumba inazama. Ili kujua kama ufa ungali unaendelea, piga kidonge cha plasta juu yake, andika tarehe, ukirudi baada ya miezi kidonge kikiwa kimekatika, ujue nyumba ingali inatembea. Kazi hii haitaki fedha. Yataka daftari tu na mtu asiyesahau.

Hapa kwetu Shinyanga sababu kubwa ya nyufa i chini ya miguu yetu. Wasukuma tangu zamani wana majina ya udongo kwa kadiri ya mahali ulipo: juu penye mawe, kisha luseni, yaani udongo wa kichanga, kisha itogolo ulio mgumu kama sakafu, na chini kabisa bondeni ni mbuga, udongo mweusi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo aitwaye Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani huko Usambara, alieleza mfuatano wa namna hiyo wa udongo kutoka kilimani mpaka bondeni akauita katena, na jina hilo likaenea katika vitabu vya udongo duniani. Nafurahi kila nikikumbuka ya kuwa somo lile latokana na vilima vya Afrika ya Mashariki. Udongo wa mbuga hunywa maji ukavimba, na kiangazi hunywea ukapasuka hata mguu wa ng'ombe huzama. Nyumba iliyowekwa juu yake bila msingi maalumu huinuliwa na kushushwa kila mwaka.

Tembea katika kiwanja chetu utayaona haya bila kufundishwa. Madarasa manne ya zamani yako juu penye luseni, na katika kuta zake sisi wa chama cha Jiografia tulihesabu nyufa tatu tu, zote nyembamba, zote karibu na madirisha. Ghala lililojengwa baadaye kule chini lina nyufa 11, na mmoja wapita mkono. Waliojenga zamani walichagua mahali pazuri, na hiyo ndiyo sababu watu wa leo wanapataka tena.

Tena madarasa yale yamelazwa sawasawa na jua. Mji wetu uko nyuzi kama 3 na dakika 40 kusini ya Ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 11 Machi na tena karibu na tarehe 2 Oktoba. Mwezi Juni liko upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, na siku zote mbili haliinami sana saa sita. Kwa hiyo ukuta unaoangalia kaskazini au kusini hukingwa na upenu wa paa tu. Ukuta usioweza kukingwa hivyo ni ule wa mashariki na wa magharibi, maana asubuhi na jioni jua huja chini chini, likaingia mpaka ubaoni. Madarasa ya zamani yana kuta fupi mashariki na magharibi, tena hazina madirisha. Kuta ndefu zina madirisha na baraza pana. Madarasa mawili mapya yamegeuzwa kinyume ili yaelekee barabara, na aliyesomea humo kipindi cha mwisho cha mchana hahitaji kuelezwa zaidi.

Mtu aweza kuuliza, je, serikali haina sheria ya kulinda majengo ya zamani? Iko. Ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Lakini sheria hiyo hulinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886. Yaliyojengwa baada ya hapo hulindwa kama yametangazwa maalumu. Kwa hiyo Ukumbi wa Nkrumah, shule zetu zote za bara, na karibu majengo yote ya Shinyanga na Geita hayamo kwa umri wake peke yake. Yako mikononi mwa wenyewe. Katika nchi nyingine vyuo vya karne iliyopita vimepewa heshima kubwa: kiwanja cha chuo kikuu cha Caracas, Venezuela, kiliwekwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kile cha Mexico City mwaka 2007, na vyote viwili vilijengwa katika siku za babu zetu, si za kale.

Mimi nimezaliwa Geita, na pale nimeona jambo jingine. Mgodi mkubwa wa zamani wa dhahabu ulianza katika miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966. Uchimbaji mkubwa ukarudi mwaka 2000. Kwa zaidi ya miaka 30 kati ya hapo kazi iliyoujenga mji haikuwapo. Nyumba isiyo na kazi haina mwenye kupanda juu ya paa lake kuziba tundu, na tundu moja la msumari latosha: maji huingia kwenye boriti, mchwa hufuata unyevu, kenchi hulegea, bati huchukuliwa na upepo, na ukuta uliobaki uchi humalizwa na mvua za miaka michache. Watunzaji wa majengo husema kazi ya kwanza ya kuhifadhi jengo ni kulipatia kazi. Hata jengo likiwa na watu lataka jicho. Beit-al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 na kusifiwa na dunia nzima, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili walikufa.

Mwaka huo huo wa 2020 Makerere nako kulikuwa na msiba wa jengo. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi ya useremala, ujenzi na umakanika. Baadaye ikawa chuo kilichopokea vijana wa Afrika ya Mashariki nzima, na Mwalimu Nyerere alisoma huko kuanzia mwaka 1943 mpaka 1945. Jengo Kuu, lile jeupe lenye mnara wa saa, lilikamilika mwaka 1941. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 liliungua; paa lote likaanguka ndani, na kumbukumbu nyingi zikateketea. Waganda wangeweza kujenga jumba la vioo mahali pale, na pengine lingekuwa na vyumba vingi zaidi. Wakaamua kulirudisha kwa sura ile ile, na Oktoba 2024 likafunguliwa tena. Mimi nadhani walifanya vema. Sura ile iko katika picha za mahafali za watu wa nchi nyingi, na aliyehitimu humo miaka 60 iliyopita hulitambua akirudi. Lakini tusisahau upande wa pili: sura yaweza kurudishwa, karatasi zilizoungua hazirudi. Shule yetu ina vitabu vya majina ya wanafunzi tangu mwanzo, navyo vimo katika kabati la mbao chini ya waya za umeme. Vingepigwa picha na nakala ikawekwa mahali pengine, kazi hiyo ingeisha kwa likizo moja.

Nikitaja moto, hapana budi nitaje mabweni, maana hapo habari si ya matofali tena. Mwaka 1994 zaidi ya wasichana 40 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya Shauritanga, Kilimanjaro, na Agosti 2009 wasichana 12 walikufa Idodi, Iringa. Kwa hiyo katika ramani ya bweni jipya, popote litakapowekwa, mambo haya yaje kabla ya rangi na marembo: milango miwili mbali mbali, inayofunguka kwa nje na isiyofungwa kwa kufuli usiku, nondo za madirisha zenye sehemu ya kufunguka kwa ndani, na nafasi ya kutosha kati ya bweni na bweni ili moto usiruke. Nafasi hiyo ndiyo ile ambayo mjomba aliiita ardhi iliyolala bure.

Na kichaka cha migunga je? Wengi hukiita pori. Wazee wetu walikiita kitu cha namna hiyo ngitili, yaani mahali palipofungwa mifugo isiingie mpaka kiangazi, ili majani na miti ipate kupumua. Katika miaka ya 1920 na 1930 miti mingi sana ya Shinyanga ilifyekwa ili kufukuza mbung'o. Makao ya utafiti wa mbung'o yalikuwa hapa hapa, Shinyanga ya zamani, chini ya Bwana Charles Swynnerton. Mbung'o walirudi nyuma, lakini pamoja na kilimo cha pamba na wingi wa ng'ombe nchi ikabaki wazi hata ikaitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na wataalamu wakaona heri kurudia desturi ya ngitili kuliko kuleta miche ya kigeni. Ngitili zilikuwa kama hekta 600 wakati huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Kichaka chetu ni kidogo, hakifiki ekari mbili, lakini ni darasa la Baiolojia lisilolipiwa, ni kinga ya vumbi la Agosti, na mizizi yake imeshika udongo ambao bila hiyo ungekuwa umekwisha kushuka katika ghala la chini. Sisemi kila mti ni mtakatifu. Mwarobaini ulio mita mbili kutoka ukuta wa maabara ningeukata hata kesho, maana mizizi yake hunyonya maji chini ya msingi.

Basi ninalolipendekeza kwa Bodi, kwa adabu, ni hili. Upande wa lango pana kiwanja cha pili cha mpira, nacho kiko juu ya luseni ile ile. Bweni na lijengwe hapo, kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Kiwanja cha pili kihamishiwe penye itogolo, ambapo hatujengi kitu. Wakati wa mvua kitatuama maji, nami najua wenzangu wa timu B watanikasirikia, lakini mpira waweza kungoja siku mbili pakauke, na ukuta ukishapasuka haungoji. Madarasa manne yazibwe mabati yake, na plasta iliyobanduka irudishwe kwa chokaa na mchanga kama ilivyokuwa, isipakwe saruji tupu. Saruji hufunga unyevu ndani ya ukuta wa zamani, na ukuta huoza polepole nyuma ya uso mzuri. Maktaba ihamie humo, kwani ile ya sasa ni chumba cha stoo.

Na paa la madarasa hayo laweza kutulipa. Lina urefu wa mita 40 na upana wa mita 8, ndiyo mita za mraba 320. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tukipata mvua ya milimita 700 kwa mwaka, ni lita 224,000. Toa sehemu ya tano inayomwagika na kukauka, zabaki lita 179,200. Kila mwanafunzi akitumia lita 20 kwa siku, maji hayo yangewatosha wanafunzi 80 kwa siku 112, tukiwa na matangi ya kuyaweka. Wanaochota maji ya bomba kwa zamu saa kumi ya alfajiri wataielewa hesabu hii upesi kuliko mwingine yeyote. Waliosema madarasa hayo hayana faida wakumbuke kuweka paa katika hesabu yao.

Chama cha Jiografia kimekwisha chora ramani ya kiwanja chote kwa kipimo cha 1 kwa 500, yenye majengo, miti mikubwa, mifereji na mipaka ya udongo, nayo imebandikwa ukutani mwa bwalo. Kila mwanafunzi aliyeona kosa aandike pembeni kwa penseli. Wazazi mliosoma hapa miaka ya nyuma, twawaomba mkija siku ya wazazi mlete picha zozote zinazoonyesha majengo yalivyokuwa, hasa baraza ya upande wa mashariki, ambayo nguzo zake mbili zimebadilishwa na hatujui za kwanza zilikuwaje. Tutazipiga picha mbele yenu na kuwarudishia siku hiyo hiyo. Bodi hukutana juma la tatu la muhula, na Mkuu wa Shule ametukubalia kuipeleka ramani pamoja na maoni yenu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne